Kipindupindu Kilivyoingia Unguja kwa Njia ya Bara

Watu wa pwani walikwisha kuyazoea maradhi ya kipindupindu kuwa ni balaa la baharini, wala dhana yao haikuwa ya kupuuzwa, kwani bandari zao zilishikana na Uarabuni na Bara Hindi kwa majahazi ya kila msimu, na abiria na baharia waliteremka pamoja na walichonacho matumboni. Lakini mwaka 1869 balaa hilo halikungoja pepo za kaskazi. Lilikuja kwa miguu.

Aliyetuhifadhia habari hizo ni tabibu James Christie, daktari wa Sultani wa Unguja, ambaye kitabu chake juu ya kipindupindu cha Afrika ya Mashariki kilipigwa chapa London mwaka 1876. Kijidudu cha maradhi hayo kilikuwa hakijatangazwa na Robert Koch, jambo lililongoja mpaka mwaka 1884. Kwa hiyo Christie alifanya lile ambalo, kwa maoni yangu, lilikuwa na thamani kubwa kuliko darubini yoyote: aliwauliza wenye kusafiri. Kwa maneno ya wafanya biashara na watu wa misafara aliunga njia yote, tangu Makka, ambako mahujaji walikufa kwa maelfu mwaka 1865, kisha Bahari ya Sham na nchi ya Habeshi, kisha malisho ya Waoromo, hadi kwa Wamasai, ambako misafara ya pembe iliyotoka Pangani ilikutana na maradhi ikashuka nayo pwani. Kabla mwaka huo haujaisha, Unguja ilikuwa imekwisha shikwa.

Mtu aliyeamka mzima huharisha maji meupe mfano wa maji ya kuoshea mchele, akatapika, misuli ya miguu ikakakamaa, macho yakadidimia, sauti ikapotea. Na jioni huenda akawa maiti. Katika maji hayo meupe ndimo ulimo uambukizo wenyewe. Nguo za mgonjwa zikifuliwa karibu na kisima, au choo cha shimo kikivujia maji ya kunywa, nyumba jirani hunywa maradhi hayo bila ya kumwona aliyeyaleta. Kisima kifupi cha mjini, kinachotekwa na mtaa mzima kwa ndoo moja, hakihitaji zaidi ya mgonjwa mmoja.

Kutoka Unguja maradhi yalishuka Kilwa, yakavuka hadi Ngazija na Msumbiji, na yakapanda tena bara pamoja na wapagazi, kwa njia ileile ya vitambaa na shanga. Hata shehena alizokuwa akizingoja msafiri David Livingstone katika nchi ya Manyema zilikwama kwa sababu yake.

Badala ya maji ya visima vile vya mjini Unguja, Sultani Sayyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, aliyaleta mjini maji ya chemchemi kwa mabomba kutoka nje ya mji, na raia wakayateka bila ya malipo.