Madaraja 27 ya Mteremko wa Mau

Ikitajwa Reli ya Uganda, ambayo Waingereza waliijenga kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, wengi hukumbuka simba wa Tsavo waliowala vibarua mwaka 1898. Kisa hicho kimesimuliwa mno, hata kikafunika kazi ambayo kwangu mimi ni kubwa zaidi: kuiteremsha reli kutoka nyanda za juu za Mau, nchini Kenya, hadi Ziwa Viktoria.

Mau Summit iko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, nayo Kisumu, kando ya ziwa, mita 1,100 na ushee. Kati ya sehemu hizo mbili, kupitia Londiani, Lumbwa na Fort Ternan, nchi imekatwakatwa na makorongo. Binadamu hushuka na kupanda, lakini treni haiwezi. Hutaka njia inayoinama polepole, na kila korongo lipatiwe cha kulivukia. Kujaza matuta ya udongo kungechukua muda mrefu, na mvua za huko hubomoa udongo. Madaraja ya mawe yangehitaji waashi wengi na miaka mingi. Mbao nazo ni chakula cha mchwa. Ndiyo maana hata mataruma ya reli hii yalikuwa ya chuma.

Ikaamuliwa kujenga kwa minara ya chuma. Kila mnara una miguu iliyotanuka kuelekea chini, ili upepo na mtikiso wa treni visiuyumbishe, na miguu hiyo hufungwa kwa vyuma vya mshazari. Juu yake hulazwa maboriti, kisha reli. Uzuri wake ni kwamba vipande vyote hukatwa na kutobolewa kiwandani, vikafika vikiwa tayari kuunganishwa. Kreni husimama juu ya sehemu iliyokwisha, ikanyoosha mkono mbele na kushusha vipande vya mnara unaofuata.

Kazi ilipewa American Bridge Company ya Marekani, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu na iliahidi kumaliza upesi. Huko Uingereza walikasirika: fedha za walipa kodi wao zinunue chuma cha wageni! Mafundi wachache wa Kimarekani waliwaongoza vibarua kutoka India, na yakasimama madaraja 27. Fupi kuliko yote lilikuwa na urefu wa futi 156, refu kuliko yote futi 881; kimo kilianzia futi 37 hadi 111.

Ujenzi haukuwa na amani: Wanandi, ambao nchi yao iliguswa na reli bila idhini yao, walichukua nyaya za simu na vyuma vya njia wakafulia silaha na mapambo. Waingereza waliita wizi. Wanandi walikuwa vitani, na vita hivyo viliendelea hadi baada ya kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, kuuawa mwaka 1905.

Reli ilifika ziwani Desemba 1901, mahali pengine ikipita kwenye njia za muda, maana kazi ya kudumu ilikuwa haijaisha. Miaka ya 1920 njia kuu ilihamia Eldoret, na hii ya Kisumu ikabaki tawi. Treni ya abiria iliirudia Desemba 2021.