Land Rover ya Jeshi Chini ya Kilima cha Old Kampala

Kilima cha Old Kampala, ambapo Kapteni Frederick Lugard alipiga kambi mwezi wa Desemba 1890 kwa niaba ya kampuni ya Kiingereza, na ambapo leo umesimama msikiti mkuu uliofunguliwa rasmi mwaka 2008, kimezoea askari kuliko vilima vingi vya mji huu. Basi si ajabu kwamba gari la kale la jeshi likiletwa kuuzwa katika mitaa ya chini yake, kuelekea soko la vipuri la Kisekka, hukusanya watu: vijana kwa kulistaajabia, na wazee kwa sababu zao wenyewe.

Gari lenyewe halikuzaliwa jeshini. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na humo alitumia jipu la Kimarekani aina ya Willys lililosalia baada ya vita. Alipotambua kwamba likifa hana budi kununua jingine lile lile, alikata shauri kuunda la kwao. Land Rover ikaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, bodi yake ikiwa ya aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa adimu zama hizo, na rangi yake ya kijani ikiwa masalio ya rangi ya ndege za vita. Mwaka uliofuata jeshi la Uingereza likaanza kuiagiza, na chombo kilichokusudiwa mkulima kikavishwa sare.

Huku kwetu katika miaka ya 1950 iliwachukua askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, ambao batalioni yao ya 4 ilikuwa Jinja. Na Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, jeshi jipya lilirithi kambi, magari na Kiswahili cha amri. Wakazi wa Old Kampala hawakuhitaji kusafiri ili kulijua jeshi hilo. Tarehe 24 Mei 1966 lilishambulia kasri ya Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, huko Mengo, kilima cha jirani, ambacho watu wake walipambana na bunduki ya Maxim ya Lugard mwezi wa Januari 1892. Idi Amin, aliyeliongoza shambulio la 1966, alitwaa serikali tarehe 25 Januari 1971, akaonekana mitaani akiendesha mwenyewe jipu lililo wazi huku umati ukimshangilia. Shangwe hiyo haikudumu. Mwaka 1972 Wahindi, ambao maduka na nyumba zao zilijaa mtaani humu, walipewa siku 90 waondoke, na tangu hapo hadi askari wa Tanzania walipouteka mji tarehe 11 Aprili 1979, gari la jeshi likisimama mlangoni usiku lilitosha kumtoa mtu jasho.

Mkusanyaji wa vitu vya kale, ambaye aghalabu hakuyaona hayo, hutaka gari la asili, lisilobadilishwa. Takwa hilo lina taabu, kwa maana Land Rover iliundwa ifunguliwe kwa spana na kuungwa tena, na iliyodumu Kampala nusu karne huenda ina injini ya moja, gia za nyingine na milango ya gari la tatu. Nami siioni aibu hiyo, kwani ndiyo iliyoifikisha hapa. La kuchunguzwa ni chesisi. Bodi haipati kutu, lakini chesisi ni ya chuma, nayo huliwa kwa ndani huku rangi mpya ikiificha, kwa hiyo mnunuzi mwerevu huvua koti, akajilaza chini, akaigonga kwa nyundo na kusikiliza.

Akiwa huko chini na alitazame difu la nyuma, yaani kasha la gia lililo kwenye ekseli. Majeshi yalilipaka rangi nyeupe na kuliangazia taa ndogo, ili katika msafara wa usiku dereva wa nyuma afuate weupe ule pasipo kuwasha taa kubwa zitakazoonwa na adui. Kiwanda cha Solihull kilitoa gari la mwisho la ukoo huo tarehe 29 Januari 2016, na mwezi wa Oktoba 2024 wamiliki walijaa Arusha na Land Rover zao kwa mamia; wapenzi si haba, na wauzaji wanalijua hilo. Walakini muuzaji aliyelipaka difu rangi nyeusi ili gari lote ling'ae amefuta ushahidi bora aliokuwa nao kwamba gari lilikuwa la jeshi, na mnunuzi ana haki ya kudai apunguziwe bei.