Jicho Hutangulia Sikio: Sura na Soko la Mashine za Muziki, 1906–1994

Mwaka 1906 kampuni ya Victor Talking Machine ya Camden, New Jersey, ilianza kuuza gramafoni isiyoonekana pembe. Pembe ilikuwemo, ila ilikunjwa na kufichwa ndani ya kabati la mahogani lenye kimo cha kama mita 1.2. Kabati za mwanzo zilitoka katika kiwanda cha fanicha cha Pooley, Philadelphia. Juu palikuwa na kifuniko cha kuficha santuri inapozunguka. Mbele, milango miwili midogo iliziba mdomo wa pembe: ukiifungua sauti inapanda, ukiirudishia inashuka. Mashine hiyo, Victrola, iliuzwa dola 200, ilhali zenye pembe ya nje zilipatikana kwa bei ya chini sana.

Pembe iliyobanwa kabatini haikuwa na sauti bora kuliko pembe kubwa iliyo wazi. Alichonunua mteja ni nafasi ya kuweka gramafoni sebuleni bila kuharibu mpangilio wa viti na makabati yake. Washindani walilielewa somo mapema. Columbia ilitoa Grafonola mwaka 1907, na Edison akafuata na Amberola mwaka 1909, zote zikiwa zimeficha pembe.

Nusu karne baadaye, Ujerumani ilikwenda njia ya kinyume. Mwaka 1956 kampuni ya Braun ilitoa SK4, redio yenye sehemu ya kuchezea santuri, kazi ya Hans Gugelot na Dieter Rams. Bati jeupe lilishikwa na mbao mbili ubavuni, bila nakshi wala kitambaa cha dhahabu. Kifuniko cha bati kilichojaribiwa kilitikisika sauti ilipopandishwa, kikabadilishwa kwa plastiki angavu. Watu waliiita kwa utani jeneza la Snow White, lakini baada ya hapo kifuniko cha kuonyesha ndani kikawa jambo la kawaida kwa mashine za santuri duniani.

Marekani nako, McIntosh ya Binghamton, New York, ilijenga jina lake kwa kioo cheusi na mita za rangi ya buluu katika amplifaya zake za miaka ya 1960. Kazi ya mita hizo ni kuonyesha nguvu inayokwenda kwenye spika. Haziongezi chochote kwenye muziki, lakini mpaka leo mpenzi wa mashine hizi huzitambua gizani, na wengi hawangeinunua McIntosh isiyo nazo.

Wajapani waliunganisha sura na nguvu. Mwaka 1974 serikali ya Marekani ilitoa kanuni ya namna moja ya kupima na kutangaza wati za amplifaya, na ushindani wa namba ukazidi kupamba moto. Pioneer SX-1980 ya mwaka 1978 ilitoa wati 270 kwa kila upande, ikiwa na uso wa alumini, mita zenye mishale, vitufe vya kuzungusha vilivyojaa mkono, na uzito wa zaidi ya kilo 30. Ni nyumba chache zilizohitaji nguvu hiyo. Uso ule mpana uling'aa dukani na kumwambia mteja kwamba nguvu ipo.

Je, macho huishia kwenye uamuzi wa kununua tu? Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa kampuni ya Harman, waliwasikilizisha wafanyakazi 40 spika nne, mara zikiwa nyuma ya pazia, mara zikionekana. Seti ndogo ya plastiki, ya bei nafuu, ilipata alama nzuri pazia likiwepo. Ilipoonekana, alama zake zilishuka, na spika kubwa za gharama zikapanda. Zaidi ya hapo, waliokuwa wakiziona walishindwa hata kutambua vizuri mabadiliko ya kweli ya sauti spika zilipohamishwa chumbani. Wazoefu nao hawakusalimika.

Kwa hiyo si haki kumcheka anayenunua kwa macho, maana kila mwenye macho hufanya hivyo. Chombo hiki hukaa sebuleni miaka mingi, na saa nyingi za siku kimezimwa, kinatazamwa tu. Uzuri wake unastahili kulipiwa. Ila anayetaka kujua sikio lake linapenda nini amwombe muuzaji avute pazia kwanza, kisha katika zile zilizofaulu achague iliyompendeza.