Kuvunja Kiitikio: Zana za Kidijitali na Jibu la Kila Mwanafunzi

"Tumeelewana?" mwalimu anauliza, na darasa zima linaitikia kwa sauti moja: "Ndiyo!" Aliyesoma katika shule zetu anakijua kiitikio hicho, na anajua kilivyowasitiri wengi ambao hawakuambulia kitu. Ninadai hapa kwamba zana ya teknolojia inastahili nafasi darasani pale inapokivunja kiitikio hicho, yaani inapomfanya kila mwanafunzi atoe jibu lake kabla hajasikia la jirani. Projekta inayoonyesha maelezo yale yale yaliyokuwa yakiandikwa kwa chaki haijafikia hapo, hata ikipambwa kwa picha.

Mwaka 1991 Eric Mazur, mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alibadili ufundishaji wake baada ya kugundua kuwa wanafunzi wake walikokotoa vizuri lakini walikwama kwenye maswali mepesi ya dhana. Chukua swali la aina hiyo: lori la mizigo likigongana na bajaji, chombo kipi kinakisukuma kingine kwa kani kubwa zaidi? Wengi husema lori, ilhali wanaikariri kanuni ya tatu ya Newton bila kukosea neno. Kani ni sawa. Kwa utaratibu wa Mazur, kila mmoja huchagua jibu kimya kimya. Majibu yakigawanyika, wanafunzi hubishana na walioketi karibu kwa dakika chache, kisha huchagua tena. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa waliobishana hivyo walilijibu vizuri zaidi swali jingine la dhana ile ile wakiwa peke yao. Kwa hiyo hawakuwa wamenakili tu kwa aliye hodari.

Vyuo vingi vilinunua vidude vya kubofya jibu kwa ajili ya kazi hii. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, Nathaniel Lasry, nchini Kanada, alilinganisha darasa lililotumia vidude hivyo na lililoinua kadi za kawaida, na hakuona tofauti ya maana katika kujifunza. Kidude kilimsaidia mwalimu kuhesabu haraka na kutunza kumbukumbu. Hilo si dogo kwa mwenye wanafunzi 90 mbele yake.

Ndiyo maana ninaona kifaa kianzie mikononi mwa mwalimu. Huko Kisumu, Kenya, watafiti walilinganisha mipango mitatu ya kufundisha kusoma: vifaa vya kidijitali kwa wanafunzi, kwa walimu, na kwa maafisa wanaowatembelea walimu. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2016, hayakuonyesha tofauti kubwa kati ya mipango hiyo, ingawa gharama zilipishana sana; basi hakuna sababu ya kuanza kwa kumnunulia kila mwanafunzi kifaa. Tanzania nayo iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022. Kishikwambi kina kamera, na programu kama Plickers husoma kwa kamera kadi za karatasi ambazo wanafunzi wameziinua. Kadi ikigeuzwa upande, jibu linabadilika. Kila kadi ina mchoro wake, hivyo jirani hawezi kuiga kwa kuchungulia. Seti yake kubwa ina kadi 63, pungufu kwa madarasa yetu mengi, lakini wawili wanaweza kushirikiana kadi moja, kila mmoja akiandika kwanza jibu lake kabla ya kukubaliana.

Kigumu zaidi ni yale mabishano. Katika sekondari za Tanzania masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, na shule nyingi huwakataza wanafunzi kuzungumza lugha nyingine. Mwanafunzi asiye na maneno ya kumpinga mwenzake hunyamaza, kisha hufuata jibu la anayesema kwa ufasaha. Hakuna kifaa kitakachomwokoa hapo. Lakini mwalimu akiruhusu, swali la lori linaweza kuandikwa ubaoni kwa Kiingereza, likabishaniwa kwa Kiswahili, na jibu likarudi kwa mwalimu kwa herufi A, B au C.