mawanda (katika uandishi wa programu)

Nomino, ngeli ya YA-YA. Uwanja mpana, eneo ambalo jambo linahusika. Tasnifu zimelizoesha neno hili katika kirai mawanda ya utafiti. Katika programu hutaja eneo la kazi ambalo kitu kilichoundwa huishi ndani yake.

Katika mfumo wa .NET, sehemu ya programu haijiundii vifaa inavyovitegemea, bali hukabidhiwa na kontena. Kontena huelezwa mapema maisha ya kila kitu. Kitu cha pekee huundwa mara moja na kudumu hadi programu izimwe. Cha mpito huundwa upya kila kinapoombwa. Cha mawanda huundwa mara moja ndani ya kila mawanda. ASP.NET Core hufungua mawanda mapya kwa kila ombi linaloingia. Ombi likikamilika, mawanda hufungwa na rasilimali za vitu vyake huachiliwa.

Tafsiri kitu cha muda haifai hapa. Muda huhesabiwa kwa saa, ilhali kitu cha mawanda huachiliwa kwa sababu ombi limekwisha, liwe limechukua sekunde moja au saa nzima. Upeo una afadhali, ila huelekeza fikra kwenye kikomo cha mbali, kama katika upeo wa macho, na kuliacha eneo lenyewe bila jina.

Tofauti hii si ya maneno matupu. DbContext ya Entity Framework Core kwa kawaida husajiliwa kuwa kitu cha mawanda. Ikishikiliwa na kitu cha pekee hugeuka mateka: hubaki hai baada ya ombi lake, na maombi mengine huitumia kwa pamoja ingawa haikubuniwa kuhimili kazi mbili kwa wakati mmoja. Mwanafunzi aliyesoma cha muda atasubiri kitu hicho kiishe chenyewe, nacho hakitaisha hadi programu izimwe. Katika mazingira ya uundaji, ASP.NET Core hukagua kosa hili na kutoa hitilafu. Programu ikishaanza kutumika, ukaguzi huo kwa kawaida haufanyiki.

Mifano:
Mawanda yamefungwa kabla kazi haijakamilika.
Kazi ya usuli haina ombi, hivyo haina budi kujifungulia mawanda yake.
Kitu cha pekee kisishike kitu cha mawanda.