Sheria Bila Kitanda: Nyumba Salama za Tarime na Serengeti

Bunge lilipopitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998, kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kukawa jinai. Kwenye karatasi, binti wa Kikurya alikuwa amekingwa. Ila sheria hiyo ilimtaka amshitaki baba au bibi yake mchana, na jioni arudi kwao kula na kulala. Nani angethubutu? Naona kuwa kilichokosekana mkoani Mara kwa muda mrefu hakikuwa adhabu wala semina, bali kitanda. Miaka 10 ilipita kabla ya kituo cha Masanga, wilayani Tarime, kuanza mwaka 2008 kuwapokea wasichana na kukaa nao hadi msimu upite. Msimu wenyewe unajulikana: ni Desemba, shule zikiwa zimefungwa, hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, baada ya wazee wa mila wa koo kutoa idhini. Kwa kuwa hatari ilikuwa na tarehe zake, hata kambi ya wiki chache iliweza kumvusha mtoto. Mwaka 2014 Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana ikafungua Nyumba Salama mjini Mugumu, Serengeti, chini ya Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa utotoni na nusura afe.

Nguvu ya malazi si ngeni Afrika Mashariki. Habib Saleh, aliyetoka Ngazija akahamia Lamu karne ya 19, aliujenga msikiti wa Riyadha ukawa chuo cha wanafunzi wa dini kutoka mbali, na darsa zake ziliwapokea hata wenye asili ya utumwa, ambao waungwana wa mji hawakutaka kuketi nao. Mwanafunzi anayelishwa na kulazwa chuoni halazimiki kumnyenyekea anayemdharau. Masanga na Mugumu si vyuo vya dini, na anayelala humo amekimbia kisu, hakufuata elimu. Lakini mamlaka yanahama kwa njia ileile. Aitwaye msagane, yaani asiyekeketwa, kwa kejeli kijijini anajikuta miongoni mwa wasagane wenzake, na ile aibu inakosa wa kuitia makali.

Wapo wanaosema nyumba hizi zinawatenga watoto na wazazi. Lawama hiyo ingekuwa na uzito kama wangechukuliwa moja kwa moja. Utaratibu ni tofauti: polisi, hasa Dawati la Jinsia na Watoto, na ustawi wa jamii hushirikishwa, wazazi huitwa, na anayeahidi kutomkeketa binti yake hurudishiwa mtoto. Wanaobaki ni wale ambao baba zao wameshahesabu ng'ombe wa mahari. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 uliwakuta takriban asilimia 40 ya wanawake wa Mara wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa 2022 ukakuta asilimia 28. Kushuka huko hakuwezi kuhesabiwa kuwa kazi ya nyumba chache zenye vitanda vya kuhesabika, kwani shule na redio navyo vimefanya yao. Nalikubali hilo. Hata hivyo, kipimo hicho kinajumuisha wanawake waliokeketwa zamani, kwa hiyo hakiwezi kushuka haraka hata kama kila binti wa leo angeokolewa.

Ninachokiona kuwa udhaifu wa kweli ni mfuko. Sehemu kubwa ya gharama imebebwa na makanisa na wahisani wa nje, na mhisani akichoka, milango hufungwa msimu ukiwa umepamba moto. Tarime hiyohiyo ina mgodi wa dhahabu wa North Mara, unaoilipa halmashauri ushuru wa huduma na kugharamia miradi ya jamii. Madarasa na zahanati hupata fungu humo. Bweni la Desemba nalo ni miundombinu ya ulinzi wa mtoto, na mahali pake ni kwenye bajeti ya halmashauri, si kwenye bakuli la michango.