Mtoto wa tatu ataitwa nani? Historia fupi ya majina yetu ya kupangana

Zamu yangu ya kuandika imefika na nilikuwa nimepanga kuandika juu ya madini, lakini mwezi uliopita dada yangu alijifungua mtoto wa kike hapa Kyaka II, na nyumbani kwetu kukawa na mabishano ya siku nne juu ya jina. Hayo mabishano yalinifundisha historia kuliko vile nilisomaga sekondari. Kwa hiyo madini yatangoje kidogo.

Kwanza nieleze kwa wale ambao si Wanande. Kwetu, upande wa Beni, Butembo na Lubero, mtoto anazaliwa akiwa tayari na jina. Wazazi hawakai chini kuchagua. Wavulana wana orodha yao na wasichana wana yao. Mvulana wa kwanza ni Paluku au Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Kavira, wa tatu Kavugho, wa nne Kahambu, na inaendelea. Ukoo na ukoo wanaweza kutofautiana kidogo, na kuna majina ya hali ya pekee, kama Kahindo, msichana anayekuja nyuma ya wavulana wanaofuatana. Lakini mpango ni huo. Ukikutana na mtu anaitwa Kasereka, hujamuuliza kitu na tayari unajua kuna kaka wawili mbele yake.

Ndiyo maana kwetu neno "jina linalofaa pamoja na ya ndugu zake" halina maana ya uzuri wa sauti. Jina ni nafasi. Ni kama kiti kwenye benchi: wa kwanza amekaa, wa pili amekaa, wewe unakaa pale palipobaki.

Wenzetu wa makabila mengine msicheke, maana nanyi mnayo. Warundi wa kikundi hiki wanajua kwamba mapacha ni Bukuru na Butoyi, na anayewafuata ni Ciza. Mtoto wa saba ni Nyandwi, wa nane ni Minani. Waluba wana Mbuyi na Kabanga kwa mapacha. Waganda, wenyeji wetu hapa Uganda, wanaita mapacha wa kike Babirye na Nakato, wa kiume Wasswa na Kato, na anayefuata mapacha anaitwa Kizza. Sikiliza vizuri: Ciza Burundi, Kizza Uganda. Wazee wetu walikuwa wanaongea kitu kimoja kabla ya mtu yeyote kuchora mpaka.

Na mpaka wenyewe una tarehe. Mwaka 1910 Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani walikaa Brussels, wakagawana eneo letu mezani. Mlima Rwenzori ukawa nusu huku nusu kule. Watu wa upande wa Kongo wakaitwa Wanande, wa upande wa Uganda wakaitwa Wakonzo, na wote wakiwa pamoja wanajiita Wayira. Lakini karatasi ya Brussels haikufika jikoni ambako mama anamwita mtoto. Kambale wetu kule ni Bwambale. Kasereka ni Masereka. Kavira ni Biira, Kavugho ni Kabugho, Kahambu ni Mbambu. Masika ni Masika pande zote mbili. Hata mfalme wa Rwenzururu, ambaye serikali ya Uganda ilimtambua mwaka 2009, anaitwa Charles Wesley Mumbere, jina lililoko kwenye orodha ileile ya nyanya yangu.

Hiyo niliiona kwa macho mwaka 2021, siku tulipovuka mto Lubiriha kuingia Mpondwe. Tulikuwa tumetoka upande wa Oicha kwa sababu ya mauaji, hatuna kitu, miguu imevimba. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi alimuuliza binti ya dada yangu jina lake. Mtoto akasema Masika. Yule mama akaacha ndizi, akasema, "Hata mimi ni Masika," akampa mbili bure. Katika nchi ya kigeni, mtu wa kwanza kutujua alitujua kwa jina la mtoto.

Sasa tuje kwa dini. Mapadri wa Assomption walifika kwetu mwaka 1929, na mapadri wengine walikuwa wameshafika Beni kabla yao. Pamoja na shule na zahanati yalikuja majina ya ubatizo. Mtu akawa na majina mawili hadi matatu: la kupangana, la ukoo, na la padri. Hilo la ukoo lilikuwa lazima. Fikiria kijiji chenye nyumba mia, kila nyumba ina Kambale wake. Ukiita "Kambale!" sokoni wanageuka thelathini. Kwa hiyo anaongezewa jina la babu au la tukio ili ajulikane ni Kambale yupi. Watu wa nje wanaona majina marefu wanadhani ni kujionyesha. Hapana, ni kutafutana tu.

Halafu akaja Mobutu na siasa yake ya authenticité. Oktoba 1971 Kongo ikawa Zaïre. Januari 1972 yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, na wananchi wote wakaamriwa kuacha majina ya kizungu. Padri atakayebatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo. Kardinali Malula wa Kinshasa alipopinga siasa hiyo ilibidi atoke nchini, akakaa Roma kwa miezi kadhaa. Mwaka 1987 ikaandikwa hata kwenye sheria ya familia kwamba majina yachotwe kwenye utamaduni wa nchi. Lakini baada ya Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, watu walianza kurudisha waziwazi akina Jean na Marie. Siku hizi tuna Gloire, Gracia, Merveille, Dieumerci, na majina ya Kiswahili kama Furaha, Neema, Riziki na Sifa. Hayo ndiyo yanajaza madarasa ya hapa kambini.

Nyanya yangu, ambaye yeye ni Kahambu, alikuwa msichana mkubwa mwaka 1972. Anasema walipobadilisha kadi, jina la padri lilifutwa na maisha yakaendelea. Maneno yake ni haya: "Serikali ilitosha jina ya padri. Lakini hesabu ya mama yangu, hakuna mwenye aliigusa."

Hapo ndipo tunafika kwenye mabishano yetu.

Dada yangu alizaa Masika kwanza. Halafu akazaa Kavira. Tulipokimbia, Kavira alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Alishikwa homa njiani. Tulipofika Kasindi hakuwa ananyonya tena, na siku tatu kabla hatujavuka akatuacha. Tulimzika hukohuko, haraka, kwa sababu watu walikuwa wanasema usiku hautakuwa mzuri. Tulipofika upande huu tukaandikishwa. Karani aliuliza watoto wangapi, dada akasema mmoja. Hakusema uongo, maana karatasi inauliza walioko. Tangu siku hiyo, katika kila karatasi ya familia yetu, dada ana mtoto mmoja.

Sasa amezaliwa huyu. Shemeji alitaka aitwe Gracia basi, bila kitu kingine, kwa sababu jina la kanisa la Masika ni Gloire na Gloire na Gracia yanaendana vizuri. Ni kweli yanaendana, hata mimi niliyapenda. Pia alikuwa na sababu nyingine ya maana. Watoto wetu wakiwa na majina tofauti tofauti, maofisini tunaulizwa kila mara: hawa ni ndugu kweli? Juu ya nini mmoja ni Masika na mwingine ni kitu kingine? Baba yao mbona ana jina lingine tena? Wengi wenu mmepitia hayo kwenye mahojiano. Shemeji alisema, "Tusimuongezee mtoto shida. Tumpe jina lenye linaeleweka."

Jirani yetu mmoja, mama mzuri tu, alileta wazo la pili. Alisema mtoto aitwe Kavira. Hoja yake: walioko ni wawili, huyu ni wa pili, na tena itakuwa kama yule mdogo amerudi. Dada aliposikia hivyo hakujibu, akaingia ndani. Nilidhani amekasirika. Baadaye aliniambia hakukasirika, alikuwa anajaribu kulitamka lile jina kwa mtoto mwingine na mdomo ukakataa.

Siku ya nne nyanya ndiye aliongea. Alikuwa amenyamaza siku zote hizo, anachambua maharagwe. Akasema: "Huyu haiko wa pili. Iko wa tatu. Tumbo ya mama haihesabiake wenye kuwa hai tu. Mukimuita Kavira, mutakuwa mumeniambia mujukuu wangu wa Kasindi hakuzaliwaka."

Kimya. Hata shemeji alinyamaza. Halafu akauliza polepole kama Gracia inaweza kubaki kama jina la kanisa. Nyanya akasema padri aweke lile analotaka, hilo halimhusu.

Mtoto akaitwa Kavugho Gracia.

Mimi nimesoma, najua mtu anaweza kusema huu ni ushamba, jina ni jina tu. Lakini nilifikiria sana usiku ule. Sisi watu wa vita hatuna vitabu vya familia. Rejista za parokia ziliachwa, nyingine ziliungua pamoja na nyumba. Picha zilikuwa kwenye simu, na simu ziliibiwa. Makaburi tumeyaacha ng'ambo ya mto na hakuna anayeyapalilia. Kitu gani kinabaki kuonyesha kwamba Kavira alikuwepo? Kwetu sisi kimebaki kimoja: dada yake mdogo anaitwa wa tatu. Kila mtu atakayesikia "Masika na Kavugho" na anajua kuhesabu atagundua kuna mtu katikati. Wazee hawakuandika, ila walitengeneza orodha ambayo pengo lake linaonekana.

Na hili silisemi kwa nadharia. Wiki mbili baada ya kujifungua, nilimsindikiza dada kumwandikisha mtoto. Aliyekuwa anaandika siku hiyo alikuwa dada wa Kikonzo, nilimjua kwa namna alivyotusalimia. Akaandika jina la mama. Akauliza mkubwa anaitwa nani, dada akasema Masika. Akauliza na huyu mchanga. Dada akasema Kavugho. Yule dada akaanza kuandika, halafu kalamu ikasimama. Akainua kichwa.

"Na Biira?"

Miaka yote hii, kwenye foleni zote tulizosimama, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza dada yangu swali hilo. Karatasi haikuwa na nafasi yake. Dada akasema, "Alibaki Kasindi." Yule mwandishi akaweka kalamu chini, akasema pole kwa Kikonzo, na dada akajibu kwa Kinande, na ni lugha moja. Halafu akamaliza kuandika. Kwenye karatasi bado watoto ni wawili, hiyo sheria haiwezi kubadilika. Lakini tuliporudi njiani dada aliongea habari za Kavira mpaka tukafika nyumbani: vile alivyokuwa anacheka, vile alivyokuwa anakataa uji. Nilikuwa sijamsikia akitaja jina lile tangu 2021.

Nimalizie kwa ombi kwa vijana wenzangu, hasa nyie mnaoanza kupata watoto. Sisemi muache Gracia na Merveille. Mwite mtoto jina zuri, hata linalofanana na ya ndugu zake, hakuna ubaya, na kama mnaogopa maswali ya maofisini mna haki. Lakini kabla hamjaandika, mkae na mzee mmoja wa familia, mumuulize mmezaliwa wangapi, nani alitangulia, nani alifuata, nani hayupo. Yaandikeni kwenye daftari kwa mpangilio, hata ya wale ambao hawako kwenye karatasi ya kambi. Nyumbani kwetu daftari limeshaanza. Ukurasa wa kwanza una mistari mitatu: Masika, Kavira, Kavugho.

Kama kabila lako lina majina ya kupangana ambayo sikuyataja, niandikieni, nitakusanya. Madini, Mungu akipenda, zamu ijayo.